Mlio Usife Mapema

Ukipata "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, isikilize mara ya kwanza kwa raha zako, halafu irudie ukifuata kitu kimoja tu: ukubwa wa sauti. Yaache maneno, uache hata wimbo wenyewe unavyopanda na kushuka. Sikiliza noti ipi inasukumwa mbele na ipi inarudishwa nyuma. Kidole gumba kinashika besi bila papara. Juu yake kidole cha shahada kinafanya kazi nyingine kabisa: noti moja kinaipiga kwa nguvu, zinazofuata kinazigusa tu, kisha nguvu inarudi mahali ambapo sikio halikuitarajia. Gitaa ni moja, kavu, halina waya wala umeme. Vidole vinavyopiga ni hivyo viwili basi.

Hugh Tracey alimrekodi Mwenda mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo tunauita Likasi, mwendo wa kilomita zipatazo 120 kutoka Lubumbashi. Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, kwa hiyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Sahani zake zilisambaa haraka hadi Nairobi, Kampala na kusini mwa Afrika, na mwaka 1969 akapanda jukwaani Newport, Marekani. David Rycroft alizisikiliza rekodi hizo kwa uvumilivu mkubwa, akaziandika noti kwa noti, akachapisha uchambuzi wake katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Baadaye John Low, Mwingereza, alisafiri mpaka huku kwetu Katanga kujifunza mtindo huo kwa wenyewe waliokuwa bado hai, akaandika Shaba Diary, iliyotoka mwaka 1982. Wote hao walivutwa na vidole viwili.

Nataka kueleza jinsi ya kuchagua pedali ya volumu kwa ajili ya gitaa la stili, lile la kulaza lenye pedali chini yake, na nimeanza na Mwenda kwa makusudi. Anayekwenda dukani akidhani pedali hii ni ya kuongeza kelele atanunua kitu kisichomfaa. Pedali ya volumu ipo kwa sababu ya jambo ambalo kila mpiga nyuzi analijua mkononi mwake hata kama hajawahi kulisema: uzi ukishapigwa, mlio wake unaanza kufa papo hapo. Mpiga filimbi anaweza kuurefusha kwa pumzi, na mpiga fidla kwa upinde. Mwenye kudonoa uzi ana nafasi moja tu ya kuupa nguvu, na baada ya hapo nguvu hiyo inapungua mbele ya masikio yake.

Kila mahali watu wamelitafutia jambo hili ufumbuzi wao. Wapigaji wa taarabu ya Unguja, katika vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa 1905, hudonoa uzi wa udi au wa kanuni mfululizo kwa kasi mpaka midonoo mingi isikike kama mlio mmoja mrefu, huku fidla na kodiani zikishika pale ambapo nyuzi za kudonoa zimechoka. Hapa Katanga tunayo karindula, banjo kubwa ya pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi. Yenyewe inalijibu swali kwa ukubwa wa tumbo lake, na mpigaji anapiga tena na tena bila kuusubiri mlio uishe. Mwenda alichagua njia ya tatu. Aliuacha mlio ufe, lakini kabla haujafa alikuwa ameshaweka mwingine pembeni yake, mdogo kidogo au mkubwa kidogo, hivi kwamba sikio halipati nafasi ya kuhisi pengo. Katika gitaa la Katanga ukubwa wa sauti ni sehemu ya wimbo sawa na noti zenyewe. Ukipiga noti zote za "Masanga" sawasawa, kwa mpangilio sahihi, lakini zote kwa nguvu moja, utakuwa umepiga kitu kingine.

Stili ina njia ya nne, nayo iko mguuni.

Gitaa hilo lilitufikia kwanza kwa njia ya sahani. Mtindo wa kuteleza chuma juu ya nyuzi ulizaliwa Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na wengi humtaja Joseph Kekuku kuwa ndiye aliyeuanzisha. Miaka ya 1920 na 1930 ulikuwa umeshaingia katika nyimbo za Wamarekani, zikiwamo baadhi ya rekodi za Jimmie Rodgers, na sahani za Rodgers zilifika Afrika Mashariki mapema. Wasichana wa Kikipsigis nchini Kenya walimwimbia wimbo wao wenyewe, Chemirocha, ambao Tracey aliurekodi mwaka 1950. Huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Zacharie Elenga, aliyejulikana kama Jhimmy, alipata umaarufu kwa gitaa la mtindo wa Kihawaii. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alileta gitaa la umeme katika studio ya CEFA, na miaka ya 1960 Docteur Nico, mwana wa Kasai ambaye wapenzi wengi wa rumba bado wanamweka juu ya wote, alitelezesha chuma juu ya nyuzi katika baadhi ya nyimbo za bendi ya African Fiesta. Kwa hiyo sikio la Mkongomani linaujua mlio huo unaoteleza tangu zamani.

Stili yenye pedali ni hatua iliyofuata. Huko Nashville, wimbo wa "Slowly" wa Webb Pierce, uliovuma mwaka 1954, uliwafanya watu wamsikie Bud Isaacs akikanyaga pedali na kuvuta nyuzi mbili wakati nyingine imetulia, na tangu hapo wapigaji hawakurudi nyuma. Afrika ilipata bingwa wake kule Nigeria: Demola Adepoju, aliyepiga stili katika bendi ya King Sunny Adé, ndiye pia anayesikika katika wimbo uliobeba jina la albamu ya Paul Simon, Graceland, ya mwaka 1986. Asiyeamini kwamba chombo hiki kina nafasi katika muziki wa ngoma za Kiafrika amsikilize Adepoju, anavyoingia kwa mlio mmoja mrefu katikati ya msitu wa ngoma na kila mtu anamsikia.

Sasa mtazame mpiga stili kazini. Ameketi. Mbele yake kuna gitaa limelala juu ya miguu minne, kwa kawaida lina nyuzi kumi. Mkono wa kushoto umeshika chuma kizito cha mviringo kinachogusa nyuzi bila kuzikandamiza. Mkono wa kulia umevaa kucha za bandia, moja ya gumba na mbili za vidole. Mguu wa kushoto uko kwenye pedali za chini zinazobadilisha tuni ya nyuzi. Magoti yote mawili yana vyuma vya kusukuma kulia na kushoto. Kimebaki kiungo kimoja tu, mguu wa kulia, nao ndio uliokabidhiwa pedali ya volumu. Hauondoki hapo tangu wimbo unaanza hadi unaisha.

Chukua noti moja peke yake. Kabla ya kudonoa, kifundo cha mguu kimeiweka pedali katikati hivi, haiko wazi wala haijafungwa. Ukucha unapiga. Mshindo wa kwanza, ule wa kucha kugonga uzi, unatoka kwa kiasi tu kwa sababu mlango uko nusu wazi. Kuanzia hapo uzi unaanza kupungua nguvu na mguu unaanza kushuka, polepole sana, kwa kadiri ile ile uzi unavyopungua. Anayesikiliza anasikia mlio uliosimama sawa, kana kwamba hauna haja ya kufa. Mkono wa kushoto unatikisa chuma kidogo na mlio unapata uhai wa sauti ya mtu. Mguu ukifika mwisho wa safari yake, akiba imekwisha, na mpigaji stadi anakuwa ameshaamua zamani kwamba hapo ndipo noti inapoishia. Kisha, katika muda mfupi kati ya noti na noti, mguu unarudi juu bila kusikika. Ni kazi ya anayepepea mbabula, jiko letu la makaa: ukisubiri makaa yazime umechelewa, na ukipepea kwa fujo tangu mwanzo unarusha majivu tu.

Wanaojifunza wengi hukosea hapo hapo. Wanapiga pedali kama pampu, chini na juu kwa kila noti, mpaka muziki wote unakuwa wa kuvimba na kunywea. Buddy Emmons, aliyefariki mwaka 2015 na ambaye wapiga stili wengi wanamhesabu kuwa mkubwa wao, unaweza kumsikiliza kwa muda mrefu bila kuutambua mguu wake hata mara moja. Unachotambua ni kwamba noti zake zinafika zinakotakiwa kufika.

Kwa hiyo, unapochagua pedali, anza na mwili wako kabla ya umeme. Nimeona watu wakiuliza kwanza chapa na bei, na mwisho kabisa ndipo wanapokanyaga. Fanya kinyume. Keti kwenye kiti utakachopigia, mbele ya gitaa lako, ukiwa umevaa viatu utakavyopigia. Kama unapiga kanisani Jumapili, vaa viatu vya Jumapili, maana soli nene na soli nyembamba zinaupa mguu habari tofauti. Weka kisigino chini kwenye pedali na kiache hapo. Kazi yote iwe ya kifundo. Sasa angalia goti la kulia: je, bado linafika kwenye vyuma vyake vya kulia na kushoto bila kugongana na tumbo la gitaa? Pedali ndefu kwenda juu inalinyanyua goti, na goti likinyanyuka unapoteza njia ya kusukuma chuma chake, au unaanza kujipinda kiunoni na baada ya saa mbili mgongo unakuuma. Ndiyo maana watengenezaji waliowalenga wapiga stili, kama Goodrich, wana pedali fupi na ndefu za aina ile ile. Pedali nyingi za madukani zimetengenezewa mpiga gitaa aliyesimama. Kwake urefu si kitu. Kwako ni karibu kila kitu.

Kisha pima safari ya mguu. Kuna pedali ambazo kutoka kimya hadi sauti kamili ni mwendo mfupi, na kuna zenye mwendo mrefu. Fupi zinampendeza anayetaka kuingia na kutoka haraka. Kwa stili mimi nachagua ndefu bila kusita, kwa sababu katika mwendo mrefu kosa dogo la mguu linabaki dogo. Angalia pia kama pedali inabaki pale unapoiacha. Ukinyanyua mguu ikajirudia yenyewe au ikaanguka, kifundo chako kitakuwa kinapigana nayo usiku kucha, na misuli inayopigana haiwezi kusikiliza.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye jambo ambalo macho hayalioni: mgawanyo wa sauti ndani ya safari hiyo. Sikio la binadamu halihesabu sauti kwa mstari ulionyooka. Ukiongeza nguvu ya mlio kwa kiasi kile kile kila hatua, sikio litasikia badiliko kubwa mwanzoni na karibu hakuna badiliko mwishoni. Potenshiometa, kile kifaa cha kuzunguka kilicho ndani ya pedali, hutengenezwa kwa mgawanyo wa aina mbili kuu. Aina ya kwanza hupanda sawa kwa sawa. Mguu ukisogea kidogo tu sauti imeshajaa, na nusu ya pili ya safari haina kazi. Aina ya pili hupanda polepole mwanzoni na kwa kasi baadaye, na sikioni inasikika kuwa imepanda kwa usawa. Mpiga stili anahitaji hii ya pili, na zaidi ya hapo anahitaji ile nusu ya mwisho iwe na hatua ndogondogo za kutosha, kwa kuwa humo ndimo anamoishi. Kipimo chake ni chepesi. Donoa uzi mmoja pedali ikiwa nusu, uushikilie usawa mmoja huku unahesabu taratibu, na usikilize kama kuna mahali sauti inaruka ghafla au inagoma kupanda. Pedali inayoruka iache hapo hapo dukani, hata kama ni ya jina kubwa.

Umeme sasa. Maiki ya gitaa la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Sumaku nyingi za kazi hiyo ni mchanganyiko wenye alumini, nikeli na kobalti ndani yake. Shaba na kobalti: mji wetu huu wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya madini, na mpiga gitaa yeyote wa umeme duniani anagusa udongo wa aina ya huku kwetu bila kujua. Nalisema kwa fahari, na lina maana yake katika uchaguzi. Maiki ya stili huwa na mizunguko mingi ya waya kuliko ya magitaa mengi ya kawaida, na mlio wake haupendi kubebeshwa mzigo. Ukiuunganisha na potenshiometa ya ukinzani mdogo, sauti nyembamba za juu zinamezwa kabla hazijafika kwenye amplifaya. Kwa maiki ya aina hii tafuta pedali ya kilo-omu 500. Pedali za Ernie Ball, ambazo ndizo rahisi kupatikana duniani kote, zipo za kilo-omu 250 na pia za 25. Ile ya 250 gitaa la kawaida la umeme linaivumilia vizuri. Ile ya 25 imekusudiwa kuwekwa baada ya kifaa chenye umeme wake. Ukichomeka stili moja kwa moja humo, utadhani nyuzi zako zimeoza. Kabla ya kulipa, soma namba iliyoandikwa chini ya pedali au ndani yake. Muuzaji huenda hajui tofauti, na kwa macho zinafanana.

Hata pedali ya ukinzani unaofaa ina desturi moja. Ikiwa katikati, waya mrefu unaotoka kwenye pedali kwenda kwenye amplifaya unakula sauti nyembamba kiasi. Kwa hiyo mlio wa nusu unakuwa mnene kidogo kuliko mlio wa wazi kabisa. Wengine huona hilo ni dosari na kuweka kisanduku kidogo cha umeme ili kulinda mlio. Wengine wameshaizoea wakaifanya sehemu ya sauti yao: noti inaanza nene na inang'aa kadiri mguu unavyoshuka. Binafsi nakubaliana na hawa wa pili, mradi waya uwe mfupi na amplifaya iwe karibu. Mlio unaobadilika rangi kidogo unapokua una ubinadamu ambao mlio ulionyooka hauna.

Zipo pedali zisizo na potenshiometa kabisa. Pedali za Hilton, kwa mfano, zinatumia mwanga: mguu unabadilisha kiasi cha mwanga kinacholifikia jicho dogo linalouhisi, na kwa kuwa hakuna kitu kinachosuguana, hakuna kinachochakaa wala kukwaruza. Ni kazi nzuri sana, na mpigaji wa Nashville anayelala karibu na fundi wake hana sababu ya kusita. Kwa Lubumbashi nina maswali. Pedali ya mwanga inataka umeme, na umeme wetu unakatika. Adapta iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani haitaki kuonja volti zetu 220. Na siku ikiharibika, fundi wa hapa hatapata kipuri chake kwa urahisi; itabidi kiagizwe kutoka mbali, kipite mpakani Kasumbalesa na mizigo mingine yote, na wewe ukae bila mguu wa kulia muda wote huo.

Ndiyo sababu mtu wa hapa akiniuliza, namwambia achukue pedali ya potenshiometa, isiyohitaji umeme, inayofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Nyingi huendeshwa kwa kamba nyembamba na springi: ukikanyaga, kamba inauzungusha mhimili wa potenshiometa. Kamba itakatika siku moja. Itakatika katikati ya ibada, maana ndipo inapofanya kazi. Fungua pedali yako mapema, ukiwa nyumbani mchana, ujifunze njia ambayo kamba inapita, mizunguko mingapi kwenye mhimili na fundo liko wapi. Weka kamba ya akiba ndani ya mfuko wa gitaa.

Potenshiometa nayo ina maisha yake. Ndani yake kuna njia nyembamba ya kaboni yenye umbo la kwato, na ulimi mdogo wa chuma unaotelezeshwa juu yake. Huku kwetu kiangazi kikianza, kuanzia mwezi wa tano hivi, vumbi jekundu linaingia kila mahali, na humo pia linaingia. Vumbi na msuguano ndio chanzo cha mkwaruzo unaosikika mguu unaposogea. Kuna dawa za kupulizia za kusafishia viunganishi vya umeme, na zinasaidia kwa muda, lakini kama njia ya kaboni imelika hakuna dawa. Hapo kinachotakiwa ni potenshiometa mpya, pasi ya kulehemu na fundi mwenye mkono mtulivu. Mafundi wa redio na amplifaya wa komuni za hapa mjini, Kenya, Katuba na Kamalondo, wanaiweza kazi hiyo vizuri kabisa. Waya ni tatu, hakuna siri. Mpe fundi potenshiometa yenye namba ile ile na mgawanyo ule ule. Akikuwekea ya redio iliyo mezani kwake pedali itafanya kazi, lakini mguu wako utapotea njia.

Ukipata nafasi ya kuitazama potenshiometa iliyochakaa ikiwa imefunguliwa, usiitupe kabla hujaichungulia kwenye mwanga. Njia ya kaboni hailiki sawa pote. Kuna mahali panang'aa, pamelika kuliko kwingine, na hapo ndipo mguu wa mwenyewe ulipokuwa ukikaa. Kama pamelika mwishoni kabisa, mwenyewe alikuwa anapiga akiwa amefungua yote, na kila noti yake ilikuwa inakufa bila akiba. Kama pamelika kuanzia katikati kwenda mbele, kwa upana na polepole, huyo alikuwa mpigaji. Sijui chombo kingine cha muziki kinachoweka kumbukumbu ya usikilizaji wa mtu kwa uaminifu namna hiyo. Fundi mmoja aliyenionyesha hili hakuwa mpiga gitaa wala hakuwahi kuiona stili. Alikuwa amelijua kutokana na vitufe vya sauti vya redio za majirani. "Huyu anapenda kelele, papa," aliniambia kuhusu redio moja aliyokuwa akiitengeneza, akiwa hajawahi kumwona mwenyewe.

Swali linalobaki ni jinsi ya kuufundisha mguu, na hapa ushauri wangu ni wa taratibu sana. Mwanafunzi aiweke pedali nusu na aiache hapo, asiisogeze kabisa, mpaka mikono yake imejua kutoa noti safi zenye nguvu anayoitaka. Ukucha ukigonga vibaya mguu hauwezi kuuokoa, unaweza kuuficha tu, na kinachofichwa hakirekebishwi. Mikono ikishatulia, aanze na noti moja ndefu kwa siku nyingi, akiushikilia usawa wake kwa kifundo. Baadaye noti mbili, aone jinsi mguu unavyorudi juu kati yake bila kuacha alama. Baadaye aingie nyuma ya mwimbaji, kwa sababu huko ndiko pedali ya volumu inapolipa gharama yake: mwimbaji akianza mstari, mguu unapanda, akivuta pumzi, mguu unashuka na stili inajaza pale alipoachia, kisha inampisha tena kabla hajafungua mdomo. Katika kwaya za hapa, ambako sauti ya tatu na ya nne zinasikika kama ukuta, mpiga stili anayejua kupisha atapewa nafasi kila Jumapili, na asiyejua ataombwa apunguze, halafu ataombwa azime.

Mwanafunzi akipata stili halafu akakosa fedha ya pedali nzuri mara moja, asisubiri. Apige bila pedali kabisa, akitafuta ukubwa wa kila noti kwenye ncha za vidole, na aongeze pedali siku itakayopatikana. Vidole vilivyozoea kupima nguvu vyenyewe vitaupa mguu kazi nyepesi, na pedali ya kilo-omu 500, fupi, yenye safari ndefu na kamba inayobadilishika, itadumu kwake miaka mingi.